Mbele ya kununua kinga ya okazio, anza na kadre

Wapapa na wamama wa kooperative, kila mara tukimaliza mafunzo juu ya mbegu ya mahindi, kuko mtu anayebaki nyuma na kuniuliza jambo lingine: "Agronomu, kwa haya makuta yangu naweza kupata kinga ya muzuri?" Hilo si ulizo la pembeni. Mahindi mazuri yenye kubaki ndani ya nyumba, mbali na soko, yanauzwa kwa beyi ya yule mwenye kuja na kamyo. Yeye ana kamyo, wewe una mgongo, na mnajua nani atapanga beyi.

Tuhesabu kidogo. Tuseme soko iko kilometre 18 toka kwenu, na mama anabeba kilo 25 kwa kichwa. Kwa kufikisha kilo 100 atatembea mara 4, kwenda na kurudi, ni kilometre 144. Kinga moja inafikisha mifuko miwili ya kilo 50 kwa safari moja, hata kama mtu anaisukuma kwa miguu. Na kama soko inakulipa franka 100 tu zaidi kwa kilo kuliko kamyo, mifuko 10 inakuletea franka 50.000. Ni kwa sababu hiyo naandika juu ya kinga ndani ya gazeti la kilimo, ingawa wenzangu wengine wanasema agronomu abaki na mbolea yake.

Maoni yangu ni haya: mwenye makuta kidogo anunue kinga ya okazio ya chuma kizito, asinunue kinga mpya ya beyi ya chini. Najua mpya inang'aa. Vijana wanapenda hasa zile za mavitesi, zenye resori katikati. Lakini zile resori zinakula nguvu yako kwenye kila mlima, na kile chuma kidogo cha nyuma chenye kuhamisha mnyororo kikipindika siku moja kwenye kisiki, hakuna fundi wa kijiji mwenye kingine cha kuweka. Kinga inasimama nyumbani, kuku wanalala juu.

Kinga ya kazi ni ile ya zamani tunayoijua: Phoenix ya Uchina, Avon ao Hero za Uhindi. Vitesi kimoja, magurudumu makubwa ya 28, freni za fimbo za chuma. Nyingi ya hizo zina rayo 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo unakaa nyuma. Pedali, rayo, bili, mpira wa ndani, vyote unavikuta kwa fundi anayekaa chini ya mti kwenye njia panda, na yeye anajua kuvifunga macho yakiwa yamefumba.

Sasa, okazio zote si sawa. Ulizo la kwanza kwa muuzaji lisiwe beyi. Muulize: hii kinga ilikuwa inabeba nini? Kinga ya mwalimu, yenye kupeleka mtu mmoja na kartabu yake, inaweza kuwa na miaka mingi na bado iko na nguvu. Kinga yenye kushusha makala Lubumbashi, yenye mifuko mitatu ao mine kila safari, imechoka hata kama ni ya mwaka jana. Utaitambua: mara nyingi wameifunga vyuma vya beto pembeni ya fursheti na nyuma. Muuzaji atakuambia wameiongezea nguvu. Pengine ni kweli. Lakini pengine chuma kilikuwa kimekwisha kupasuka, na kile cha beto ndicho kinashikilia tu.

Basi anza na kadre. Ipindue kinga, magurudumu juu, na uangalie kila fasi bomba mbili zinapokutana, hasa chini ya mkono na kule pedali zinapopita. Pitisha ukucha polepole. Kama unasikia mkunjo kidogo nyuma ya fursheti, kinga iligonga kitu kwa nguvu. Kama kadre yote iko na rangi ya zamani lakini fasi moja tu imepakwa rangi mpya, omba muuzaji ruhusa ya kuikwaruza kidogo. Akikataa, mshukuru na uende zako. Alama ya sudire kwenye kadre, mimi siinunui, hata wakishusha beyi nusu. Ile fasi itapasuka tena pembeni ya sudire, na itapasuka siku ya mzigo, si siku ya kwenda misa.

Kisha kadre, vingine vyote ni hesabu tu. Zungusha gurudumu na uangalie kama linayumba. Finya rayo mbilimbili, zenye kulegea zinajionyesha. Tafuta mpasuko kwenye janti, karibu na matundu ya rayo. Kamata pedali zote mbili na utikise: zikicheza, ni klaveti ao bili, si kitu kikubwa. Vuta mnyororo pale mbele kwenye meno. Ukiinuka mpaka unaona nusu ya jino, mnyororo umekwisha, na kama meno yenyewe yamepindika kama ndoano, utanunua vyote viwili. Kila kasoro uiandike na beyi ya kipande, kisha uanze kujadiliana. Makuta ya vile vipande yatoke kwa muuzaji, si kwako.

Na usiende na makuta yote. Ukiwa na franka 160.000, tafuta kinga ya 120.000, zile 40.000 zibaki kwa mipira, bili, mafuta na mkono wa fundi. Huyo fundi umchukue mbele ya kununua, umlipe kwa kazi yake, na asiwe ndugu ya muuzaji.

Wakati pia una beyi yake. Kisha mavuno kila mtu anatafuta kinga. Mwezi wa 9, wazazi wanatafuta minerval, na kinga zinatoka nyumbani. Ila mtu mwenye shida ya mtoto usimkamue mpaka damu. Kesho mtakutana kwenye kooperative.

Namba ya kadre, tafuta chini ya pedali ao kwenye bomba la kiti. Ikiwa imesuguliwa kwa lima, achana nayo. Ikiwa iko, iandikwe kwenye karatasi ya mauzo pamoja na majina, tarehe, beyi na sahihi za washuhuda wawili. Mpelekee chefu wa kijiji aione. Ukikutwa na kinga ya wizi bila karatasi, unapoteza kinga, makuta, na siku nyingi za kujieleza.

Linabaki jambo lenye linaniuma. Mara nyingi kinga inanunuliwa kwa mahindi ambayo mama alipalia, na kisha mavuno baba anaipanda kwenda kutembelea rafiki, mama bado ana mfuko kwa kichwa. Kwa hiyo naomba kamati za AVEC zenye kutoa mkopo wa kinga ziweke masharti mawili: fundi wa kooperative aipime mbele ya makuta kutoka, na karatasi ya mauzo iwe na jina la baba na la mama pamoja. Siku ya soko, mzigo wa nyumba unapanda kwanza. Baba akitaka kutembea siku hiyo, miguu anayo.