Supu ya Majira Ina Faida, Ila Isiitwe Dawa

Katika nyumba nyingi za Guangdong, kusini mwa China, chakula hufuata majira. Joto la Julai likizidi, choroko huchemshwa mpaka zipasuke, zikatiwa sukari kidogo na kunywewa zikiwa zimepoa. Hewa ikikauka msimu wa vuli, mapeasi hupikwa kwa mvuke. Baridi ikiingia, nyama ya kondoo hutokoswa na vipande vinene vya tangawizi, mchuzi ambao tabibu Zhang Zhongjing aliuandika takriban miaka 1,800 iliyopita. Nautetea utaratibu huu, ila si kwa sababu ya nadharia yake. Kugawa vyakula kuwa vya baridi na vya moto, jambo ambalo hata Waswahili wa pwani wanalijua, hakujathibitishwa na maabara. Faida iko kwingine: mtu hununua kilichokomaa, tena kwa bei nafuu, hupata maji wakati jasho linamtoka, na hula choroko na matunda aliyojipikia mwenyewe.

Wapo wanaosema ukiikubali supu umeikubali tiba nzima ya jadi ya Kichina. Hapana. Choroko ni chakula. Mizizi ya akonaiti, ambayo baadhi ya watu wa Yunnan huipika na nyama wakati wa baridi, ni sumu, na imeua watu pale ilipochemshwa muda mfupi kuliko inavyotakiwa. Mimea yenye asidi ya aristolokia nayo imeharibu figo za wengi. Anayetumia dawa za hospitali asiziache kwa ajili ya mchuzi, na amweleze daktari kila mzizi anaoutia sufuriani.