Tusikidharau kiunganishi kidogo

Mwananchi apitaye katika soko kuu la mjini Tabora huona, juu ya meza za wauza vifaa vya simu, katikati ya chaja na visikilizio, kipande kidogo cha plastiki na chuma kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Upande mmoja kina kichwa cha kuchomeka katika tundu la chaji la simu. Upande wa pili kina tundu pana la kupokea flashi, kibodi au kipanya. Wauzaji hukiita OTG, na wengi wetu hukipita bila kukitupia jicho. Nia ya makala hii ni kuwaomba wananchi, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya elimu na ya viwango vya bidhaa, wakitazame kwa makini.

Hivi karibuni mwandishi wa makala hii alikutana na mwalimu wa shule moja ya msingi iliyo mbali na mji, njia ya kwendea Urambo. Mtihani wa muhula wa darasa lake ulikuwa ndani ya flashi aliyopewa na mwenzake, na shuleni hapakuwa na kompyuta. Kwa desturi angepanda pikipiki hadi mjini, akae foleni katika duka la steshenari, alipie kufunguliwa faili na kusahihishiwa swali lililokosewa, arudi kushauriana na wenzake, kisha aende tena kuchapa nakala. Safari hii alichomeka kiunganishi katika kishikwambi chake, akachomeka flashi, akayasoma maswali na kulisahihisha kosa yeye mwenyewe, chini ya mwembe. Ikabaki safari moja tu, ya kuchapa nakala. Nilipomuuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu zamani, alinijibu: "Ndugu yangu, cha kwanza nilichonunua kilikataa. Nikaamini kwamba kosa ni langu."

Jibu hilo lastahili kufikiriwa. Mwalimu yule alikuwa na kifaa, alikuwa na nia, na alikuwa ametoa fedha zake. Kilichomrudisha nyuma kilikuwa bidhaa mbovu pamoja na ukosefu wa maelezo. Kibaya zaidi, alijilaumu mwenyewe, akaacha kujaribu kwa muda mrefu. Hapana shaka wako wengi kama yeye. Itakumbukwa kwamba vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu wa shule za umma. Hiyo ni mali kubwa ya taifa iliyomo mikononi mwa walimu wetu. Kuiacha itumike nusu, kwa sababu ya kukosa kipande kidogo cha waya na maarifa ya kukitumia, ni hasara isiyosameheka.

Watu wa Tabora hawana haja ya kufundishwa umuhimu wa vitu kupatana. Mji huu, uliojulikana kwa wasafiri wa karne ya 19 kwa jina la Kazeh, ulikua kwa sababu ulikuwa njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa, kisha ikagawanyika: mmoja ukashika njia ya Ujiji, mwingine ukaelekea kaskazini kwenye nchi za maziwa. Kiongozi wa msafara aliyefunga mizigo yake pwani bila kuuliza aliweza kufilisika njiani. Henry Stanley alipojiandaa kwa safari yake ya mwaka 1871 alilazimika kujifunza kwamba shanga nyekundu, samesame, ndizo zilizokubaliwa Unyamwezi, na kwamba shanga nyeusi zilizopokelewa Ugogo zilikataliwa kwingineko. Shanga zilikuwa nzuri, mpagazi Mnyamwezi alikuwa amezibeba mamia ya maili, lakini zikifika mahali pasipozitambua, hazikununua hata kibaba cha mtama.

Reli nayo ilitufundisha somo hilohilo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikiwa na upana wa milimita 1,000. TAZARA ilijengwa miaka ya 1970 kwa upana wa milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 ni ndogo kuliko upana wa kiganja, lakini imetosha kulizuia behewa la reli moja lisipite katika reli nyingine, hata ikabidi pawepo kituo cha kuhamishia shehena pale Kidatu. Sasa tunajenga reli ya milimita 1,435, ambayo treni zake za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwaka huohuo. Kila upana mpya unaokutana na ule wa zamani hudai mahali pa kuunganishia. Kiunganishi cha simu ni Kidatu ndogo iliyomo mfukoni.

Yafaa tueleze jinsi kinavyofanya kazi, maana mtu asiyeelewa kitu hudanganywa kwa urahisi. Utaratibu uitwao USB ulitolewa mwaka 1996 ili kompyuta iwe mwenyeji na vifaa vingine viwe wageni. Mwenyeji ndiye atoaye umeme na amri, na mgeni husubiri kuulizwa. Simu ilipochomekwa katika kompyuta ilikuwa mgeni, na flashi nayo ni mgeni. Wageni wawili hawakaribishani. Mwaka 2001 ukaongezwa utaratibu wa OTG, unaoiruhusu simu kugeuka mwenyeji. Katika tundu la zamani, lile dogo lenye vidole vitano vya chuma, kidole kimoja hakina kazi katika waya wa kawaida. Ndani ya kiunganishi cha OTG kidole hicho kimeunganishwa na kile cha umeme hasi, na kwa alama hiyo simu hutambua kwamba imepokea mgeni. Katika tundu jipya la duara-dufu liitwalo Type-C, alama hiyo hutolewa na rezista ndogo iliyofichwa ndani ya kichwa. Mtengenezaji asiye mwaminifu akiiacha rezista hiyo, au akiilehemu vibaya, kiunganishi hubaki pambo. Kwa macho hakitofautiani na kilicho kizima.

Basi mnunuzi na afanye nini? Kwanza, aulize kama simu yake ina uwezo huo. Simu za Android zilianza kuupata kuanzia toleo la 3.1 la mwaka 2011, lakini si kila mtengenezaji aliyeuruhusu, na kitochi cha kawaida hakina. Pili, achukue flashi yake sokoni na kujaribu kabla ya kulipa. Tatu, akumbuke kwamba simu ina umeme mchache: flashi na kibodi huendeshwa bila taabu, lakini diski kubwa inayozunguka huenda ikashindwa mpaka ipewe umeme wake yenyewe. Nne, flashi ikikataa kusomeka, asikimbilie kukubali pale simu inapomtaka aifomati, kwa maana kufomati ni kufuta kila kilichomo. Mara nyingi kosa ni mpangilio wa flashi ambao simu haiujui, na kompyuta yoyote inaweza kuiokoa kazi yake kwanza.

Wako watakaosema kwamba haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi kila kitu hutumwa kwa mtandao. Anayesema hivyo na afike vijiji vya Sikonge au Uyui, atafute mawimbi juu ya kichuguu, kisha ahesabu bei ya bando la kupakua kitabu kimoja chenye picha. Flashi haidai bando. Masomo ya mwaka mzima huweza kupita kutoka mkono wa mwalimu mmoja hadi wa mwingine bila kulipiwa hata senti. Karani wa chama cha msingi cha ushirika akiwa na kibodi ya kuchomeka huandika orodha ya wakulima wa tumbaku au wa asali bila kuumiza vidole kwenye kioo cha simu.

Wako pia watakaosema kwamba hili ni jambo dogo mno kwa ukurasa wa gazeti. Tuwakumbushe kwamba nchi za Ulaya hazikuliona dogo. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2022, Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya za kuchajiwa kwa waya zinazouzwa huko ziwe na tundu la aina moja, Type-C. Kampuni ya Apple, iliyokuwa imeng'ang'ania tundu lake yenyewe katika simu zake tangu mwaka 2012, ilianza kulibadili katika simu ilizozitoa Septemba 2023. Ikiwa kampuni tajiri kiasi hicho imeweza kuitii sheria, hakuna sababu ya sisi kuamini kwamba mnunuzi mdogo hana la kufanya mbele ya mwenye kiwanda.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kiunganishi hakiwi badala ya kompyuta, wala kisifanywe kisingizio cha kuziacha shule bila vyumba vya kompyuta. Tena kina hatari zake. Flashi iliyozunguka mikononi mwa watu kumi huweza kubeba virusi, na faili yenye majina na alama za watoto ikiangukia mikono isiyostahili ni aibu kwa mwalimu na madhara kwa mtoto. Maarifa ya kukitumia chombo ni lazima yaende pamoja na maarifa ya kujilinda nacho.

Kwa hiyo, yatupasa kutenda mambo manne. Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani wavitazame vifaa hivi vidogo kwa jicho lilelile wanalovitazamia vifaa vikubwa, kwa kuwa mwananchi maskini ndiye anayenunua vidogo. Ofisi za umma zinaponunua simu na vishikwambi, zichague vyenye tundu la aina moja na uwezo wa OTG, na ziandike sharti hilo katika zabuni. Vyuo vya VETA na vya ualimu vitenge saa chache tu za kufundisha matumizi ya viunganishi, kwa vitendo. Nao wafanyabiashara wetu wakubali mteja ajaribu mezani kabla ya kulipa. Mfanyabiashara anayekataa bidhaa yake isijaribiwe amekwisha kutuambia thamani yake.

Wapagazi wa Unyamwezi walisifika katika njia nzima kwa sababu mzigo waliokabidhiwa ulifika. Leo mzigo wetu ni maarifa, na mara nyingi umekwisha kufika hadi mlangoni: umo ndani ya flashi, na simu imo mkononi. Ni aibu mzigo uliosafiri umbali wote huo ukwame kizingitini kwa kukosa kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Mwalimu wa njia ya Urambo alikuwa akijilaumu kwa kosa lisilo lake. Kazi iliyo mbele yetu ni kuhakikisha kwamba mwenzake wa Sikonge, wa Nzega au wa Kaliua halazimiki kujilaumu hivyo.