Mtoto Mmoja, Sababu Tatu, Kisanduku Kimoja

Wanachuo warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha huleta orodha walizozipanga kwa kompyuta, nasi wakufunzi huzisifu kwa unadhifu. Mimi nimeacha kuzisifu kabla ya kuziuliza swali.

Mwanachuo mmoja, katika shule iliyo kando ya Ziwa Nyasa, aliandika orodha ya utoro. Kila mtoto alipewa mstari mmoja, na katika safu ya sababu paliandikwa "homa", au "usipa", au, kwa aliyepelekwa Mbinga kuchuma kahawa ya ndugu, "kahawa, homa, sare". Usipa huvuliwa usiku kwa taa, na Mwalimu Mkuu alitaka kuwapangia masomo ya alasiri watoto waliokesha ufukweni. Akauliza ni wangapi. Kompyuta ikajibu: 4. Walipohesabiwa kwa kidole walikuwa 11.

Kompyuta haikukosea. Ilitafuta visanduku vyenye neno "usipa" peke yake, ikawaruka wenye "usipa, homa" na "sare, usipa". Ukiiamuru itafute neno popote ndani ya kisanduku, hapo mgonjwa wa "homa ya matumbo" atahesabiwa pamoja na wa "homa". Na tuangalie ni akina nani waliopotea: ni wale wenye sababu zaidi ya moja, yaani wenye shida kuliko wenzao.

Wako wadhanio kwamba dawa ni kuongeza safu: sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Huko ni kuuhamisha ugonjwa tu. Usipa utakuwa mara katika safu hii, mara katika ile, na mwenye sababu nne hatakuwa na mahali.

Mwingereza Edgar Codd, akiwa mtumishi wa kampuni ya IBM huko Marekani, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1970: kila kisanduku kichukue jambo moja. Lakini daftari letu la mahudhurio hufanya vivyo hivyo. Nani aliyepata kuandika Jumatatu na Jumanne katika kisanduku kimoja, akazitenga kwa mkato?

Yafaa ziwepo orodha mbili. Ya kwanza ni ya watoto, kila mmoja na namba yake. Ya pili ni ya sababu, ambamo namba ya mtoto hurudiwa kwa kila sababu pamoja na tarehe yake. Mwenye sababu tatu apate mistari mitatu. Orodha itarefuka, tena haitapendeza macho.

Mwanachuo yule aliipanga upya kwa jioni moja, na wale 7 waliorukwa wakaingizwa katika masomo ya alasiri.