Mapenzi Hayaponyi Kamari

Mwaka 1963 mwongozaji filamu wa Kifaransa, Jacques Demy, alitoa filamu iitwayo La Baie des Anges, yaani Ghuba ya Malaika. Jean, karani wa benki, anashawishiwa na mfanyakazi mwenzake kuingia kasino, na siku ya kwanza anashinda. Baba yake, fundi saa, anapopata habari anamfukuza nyumbani. Kijana anaelekea Nice, kusini mwa Ufaransa, na huko anampenda Jackie, mwanamke asiyebanduka kwenye meza ya ruleti. Leo wanalala hoteli ya kifahari Monte Carlo, kesho hawana kitu.

Hatuitaji filamu hii ili wasomaji wetu waitafute. Twaitaja kwa sababu mtunzi asiye wa dini yetu ameonyesha kile tulichokwisha kuonywa katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91: kwamba kamari hupanda uadui baina ya watu na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu. Jackie ameachika, na mwanawe hayuko naye. Mwenyewe asema kuwa alipoingia kasino mara ya kwanza alihisi kama aliyeingia kanisani. Fedha haimshughulishi, isipokuwa ile ya kuchezea tena. Mchezo umekwisha kuwa ibada.

Tena ni ibada yenye hasara iliyopangwa. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina nafasi 37, kuanzia 0 hadi 36. Anayepatia namba moja hulipwa mara 35 ya dau lake na kurudishiwa dau. Kwa hiyo katika kila 37 zinazowekwa, kwa wastani hurudi 36. Mwenye kasino hana haja ya kuiba, anangoja tu.

Mwishoni Jean anaondoka, na Jackie anaiacha meza na kumkimbilia. Filamu inaishia hapo, lakini ndoa haziishii hapo. Siku hizi kasino imo ndani ya simu: mume hubeti kitandani, mkewe akidhani anasoma ujumbe, mpaka ada ya mtoto itafutwe isionekane. Wake wengi hunyamaza, wakitumaini kuwa upendo wao utamrudisha.

Sisi twasema upendo peke yake hautoshi. Toba ina masharti yake: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurejesha haki za watu. Basi aliyetumbukia amweleze mwenzake madeni yote, bila kubakisha. Fedha ya nyumba ishikwe na aliye mwaminifu zaidi kati yao, na wazee wa pande mbili washirikishwe mapema, kabla shamba au dhahabu ya mke haijauzwa. Na mzazi anayeletewa posa asione haya kuuliza iwapo kijana anabeti. Swali hilo ni zito sawa na la mahari.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu. Amin.