Wapashe Miili Moto Kwanza, Ndipo Washike Vyuma

Yako maradhi yaliyowaingia vijana wetu walioko Nairobi, nami nayaita maradhi ya haraka. Kijana huingia mahali pa vyuma, akavua shati, akasugua viganja, kisha akalala juu ya benchi na kutaka awekewe mzigo ule ule aliomalizia jana. Hakuruka kamba, hakuzungusha mikono, hakugusa hata chuma chepesi. Ukimuuliza, atakujibu kuwa kupasha mwili moto ni kazi ya wazee. Mimi nasema hilo ni kosa, tena kosa lenye hasara, na leo nataka kulieleza kwa wazazi na ndugu walioko Mombasa, Malindi na Lamu, kwani watoto wao si haba katika mkumbo huo.

Jimu ninazozisema si zile za mahoteli. Ukiwa Makina, mtaa wa Wanubi wa Kibera, ukateremka kuelekea reli, utakuta kibanda cha mabati, benchi la mbao, bomba la chuma, na makopo ya rangi yaliyojazwa zege huku na huku. Kawangware nako, ukishuka matatu ya 46, hukosi kibanda cha namna hiyo, pengine chenye gia kuukuu za malori badala ya makopo. Ufundi huo naupenda. Kijana asiye na fedha amejitengenezea mwenyewe kile ambacho wenzake wa Lavington, ng'ambo ya barabara tu, hukilipia maelfu kila mwezi. Na heri jioni yake iishie kwenye vyuma kuliko kwenye chang'aa.

Lakini vyombo hivyo vina ila moja, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege huwa karibu kilo 10. Ndoo ya lita 20 huwa karibu kilo 48. Basi bomba lenye makopo mawili madogo ni mzigo wa kilo 20 na kidogo, na lile lenye ndoo mbili lakaribia kilo 100. Tena zege limekwisha kuganda na bomba. Huwezi kutoa wala kuongeza. Katikati hapana kitu. Kijana hutoka kwenye mzigo wa mtoto akarukia mzigo wa hamali, au huona haya kulishika lile dogo mbele za watu, akaanza moja kwa moja na kubwa.

Tukumbuke pia baridi. Sisi wa pwani tumezoea jasho linalomtoka mtu akiwa amekaa barazani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na alfajiri za mwezi wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Vijana wengi wa Kibera hupiga vyuma saa hizo, kabla ya kwenda vibaruani. Mwili umetoka kitandani umekakamaa kama kamba ya jahazi iliyolala kwenye umande. Wala wa Mombasa asijione amesalimika kwa sababu ya jua lake: jasho la ngozini si dalili kuwa bega limekwisha kujizoesha mwendo wa kusukuma.

Kazi yake kupasha mwili ni ipi basi? Wataalamu wawili wa Denmark, Asmussen na Bøje, walionyesha mwaka 1945 kuwa misuli iliyopata joto hufanya kazi ya nguvu vizuri zaidi kuliko iliyo baridi. Damu huelekea kwenye misuli, mishipa ya fahamu hupeleka amri kwa kasi zaidi, na viungo huwa laini. Wakati huo huo mtu huukumbusha mwili njia ya chuma: kinaposhukia, kiwiko kikae wapi, mgongo uwe vipi. Kunenepa kwa misuli kwenyewe hakuletwi na kupasha moto. Huletwa na kazi nzito inayorudiwa, chakula cha kutosha na usingizi. Lakini aliyepata joto huinua mzigo wake mara 8 kwa mtindo safi, ilhali aliye baridi huinua mara 5 akijipinda kama mkunga. Baada ya miezi sita tofauti yao utaiona vifuani.

Namjua kijana mmoja wa Kibera, msukuma mkokoteni wa soko la Toi, aliyechanika msuli wa kifua karibu na bega asubuhi moja ya baridi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulishika chuma siku hiyo, na chuma chenyewe ndicho kile kikubwa. Siapi kwamba kupasha moto kungemwokoa. Misuli huchanika hata kwa waangalifu. Ninalolijua ni kuwa kwa miezi mingi hakuweza kusukuma mkokoteni, na asiyesukuma halipwi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoliona jambo hili kuwa mchezo tu. Kijana wa Lavington akiteguka bega atakwenda ofisini mkono ukiwa umefungwa kitambaa, na mshahara utaingia. Kijana wa Kawangware ni hamali, ni mbeba mawe wa mjengo, ni mlinzi wa mlangoni. Bega lake ndilo duka lake, na mama yake aliyeko Majengo hungoja alichouza.

Wapo watakaosema hakuna wakati: benchi ni moja na watu ni kumi. Mimi naona kuwa kule kungoja ndiko kwenye wakati. Wanaongoja hukaa chini wakazungumza mpira. Na wasimame! Dakika tano za kuruka kamba au kukimbia papo hapo, kuchuchumaa na kuinuka mara 20, kuzungusha mabega, kujisukuma ukutani kisha chini, zatosha kuleta joto. Sweta lisivuliwe mpaka zamu ifike. Ndipo apande ngazi: bomba tupu mara 10 au 12, kisha karibu nusu ya mzigo wa siku hiyo mara 6, kisha robo tatu yake mara 3, kisha mzigo wenyewe. Asizidishe, maana nimewaona pia wanaojipasha moto nusu saa nzima wakafika benchini wamechoka. Na ile desturi ya kujinyoosha na kubaki hivyo hivyo zaidi ya dakika moja kwa kila msuli ingojee mwisho, kwa kuwa ikifanywa kabla hupunguza nguvu kidogo.

Lenye kunishangaza zaidi ni kwamba nchi hii ina walimu wa jambo hili tele. Wakimbiaji wa Iten, ambao ulimwengu mzima huwastaajabia, huanza mbio zao za asubuhi kwa mwendo ambao hata mimi ningewafuata. Bondia hapandi ulingoni mkavu. Wacheza mpira wa viwanja vya Kibera huzunguka uwanja kabla ya firimbi. Mwenye vyuma peke yake ndiye anayejiona hahitaji, na yeye ndiye mwenye mzigo mzito kuliko wote hao.

Mwezi wa Ramadhani jambo hili huhitaji uangalifu zaidi. Wengi hupiga vyuma baada ya tarawehe, wengine saa moja kabla ya kufuturu, midomo imekauka. Anayefanya kabla ya futari apunguze mzigo, wala asiruke hatua hata moja ya kupasha mwili. Anayefanya usiku asidhani kuwa sala imekwisha kumpasha. Rakaa si mazoezi ya bega.

Lililobaki ni la wenye jimu, nami nawaomba jambo dogo. Wamimine zege jipya katika makopo ya lita 2, ambayo huwa karibu kilo 5 kila moja, na ya lita 4, na ya lita 10, yote yakiwa na tundu katikati ili yavishwe bombani na kuvuliwa. Waweke pini imara ya kuyazuia yasiteleze. Waache bomba moja tupu kando ya benchi, lisiguswe ila na anayejipasha moto. Na kila kopo waliandike uzani wake kwa rangi, maana zege la mkono halilingani, na upande mmoja ukizidi, bega moja huumia. Mizani si ya kutafuta mbali: wanunuzi wa vyuma chakavu wanazo, Kibera na Kawangware, na kupima makopo sita ni kazi ya dakika chache tu.