UCHAMBUZI: Siri moja haitoshi kulinda kiini cha kompyuta

Mnamo 2014, kiini cha mfumo wa Linux, ambacho pia huendesha simu za Android, kilipata mbinu ya kubadilisha anwani yake katika kumbukumbu kila mtambo uwashwapo, ili wadukuzi wasijue pa kushambulia.

Hata hivyo, kiini huhamishwa kikiwa kizima, mithili ya nyumba iliyohamishwa bila kubadilishwa mpangilio wa vyumba. Anwani moja ikivuja, nyingine hupatikana kwa hesabu tu.

Mfumo wa OpenBSD ulichukua mkondo tofauti mnamo 2017. Kila uwashwapo, huunda kiini kingine chenye sehemu zilizopangwa upya, kitakachotumika mara ifuatayo.

Kazi hiyo huongeza mzigo, lakini ulinzi unaotegemea siri moja huporomoka siri hiyo ifichukapo.