Ukondefu si uzee: Elimu ya lishe kwa watunzaji ni kinga ya wazee majumbani

Katika kaya nyingi nchini, siku ya mzee asiyejiweza huanza kwa kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mhogo. Wenye nguvu wakishaondoka kwenda shambani, sokoni au kazini, mzee hubaki na binti au mjukuu mwenye kazi nyingine nyingi za nyumbani. Mchana huletewa ugali asioweza kuutafuna. Jioni hupewa uji mwepesi kwa kuwa ndio unaomezeka. Miezi inapita, kanga inalegea kiunoni, na majirani wanaokuja kumjulia hali husema kwa huruma kwamba uzee umemfika.

Kauli hiyo ndiyo inayohitaji kusahihishwa. Ni kweli kwamba umri hupunguza misuli na nguvu za mwili, lakini kupungua uzito kwa kasi bila kukusudia si hatua ya lazima ya uzee. Mara nyingi ni utapiamlo, na utapiamlo una sababu zinazojulikana na njia za kuuzuia. Mwenye nafasi kubwa ya kuuzuia si daktari anayemwona mzee mara moja kwa miezi kadhaa, bali ni yule anayeshika kijiko kila siku.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo yake. Serikali inaendesha makazi ya wazee wasio na ndugu wa kuwatunza, kama yale ya Nunge, Kigamboni, na Kolandoto, Shinyanga, lakini idadi kubwa ya wazee huishi na kuhudumiwa nyumbani. Kwa hiyo ubora wa lishe ya mzee wa Tanzania unategemea kwa kiasi kikubwa maarifa ya mwanafamilia ambaye, kwa kawaida, hajawahi kufundishwa kazi hiyo.

Kwa nini mzee hukonda

Sababu za mzee kula kidogo ni nyingi, na nyingine hazionekani kwa urahisi. Meno yamepungua au fizi zinauma. Mate yamekauka. Ladha na harufu ya chakula vimefifia. Dawa anazotumia zinamwondolea hamu ya kula au kumfungisha choo. Aliyepata kiharusi humeza kwa shida, na mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huweza kusahau kutafuna chakula kilicho mdomoni. Upweke na huzuni, hasa baada ya kufiwa na mwenza, nazo humfanya mtu asione sababu ya kula.

Ipo pia sababu ambayo wazee wengi huona haya kuitaja. Mzee anayehitaji kushikwa mkono ili afike chooni hupunguza kunywa maji kwa makusudi ili asiwasumbue watoto wake. Matokeo yake ni upungufu wa maji mwilini, kuchanganyikiwa, choo kigumu na hamu ya kula inayozidi kupotea. Mtunzaji asiyelijua hilo hudhani mzee hana kiu.

Desturi nazo zina nafasi yake. Kula katika sinia moja ni ishara ya umoja wa familia, lakini mzee anayetafuna taratibu hujikuta sinia limekwisha kabla hajashiba, na heshima yake haimruhusu kuomba nyongeza. Haihitajiki kumtenga ili kulitatua hilo. Anaweza kupakuliwa sahani yake kwanza, kisha akala akiwa ameketi na wenzake.

Masharti ya magonjwa sugu nayo yakieleweka vibaya huleta madhara. Mzee akiambiwa ana kisukari au shinikizo la damu, familia huondoa chumvi, mafuta, wanga na nyama kwa pamoja, na sahani hubaki na mboga za majani zilizochemshwa. Kwa mzee ambaye tayari amekonda, makatazo ya namna hiyo huweza kudhuru kuliko ugonjwa unaokusudiwa kudhibitiwa. Ushauri wa mtaalamu wa lishe unahitajika kabla ya kumwondolea mzee chakula chochote cha msingi.

Mambo ambayo mtunzaji anapaswa kuyajua

Jambo la kwanza ni kutambua hatari mapema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu huduma jumuishi kwa wazee unaelekeza maswali mawili mepesi: je, mzee amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu iliyopita bila kukusudia, na je, amepoteza hamu ya kula? Jibu la ndiyo kwa swali lolote ni sababu ya kumfikisha kituo cha afya. Kwa asiyeweza kusimama kwenye mizani, futi ya kamba ya fundi cherehani inatosha kupima sehemu nene ya shavu la mguu. Mzunguko ulio chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba misuli imepungua, isipokuwa pale uvimbe wa miguu unapokificha kipimo.

La pili ni ubora wa chakula. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri protini isiyopungua gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 50 kwa mzee wa kilo 50, isipokuwa pale daktari anapoelekeza tofauti, kama kwa baadhi ya wagonjwa wa figo. Uji mwepesi wa sembe hauwezi kufikia kiwango hicho hata ukinywewa kutwa nzima. Hujaza tumbo bila kuujenga mwili. Yai moja lina takribani gramu 6 za protini, robo lita ya maziwa takribani gramu 8, na nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa takribani gramu 7.

Hivyo uji uleule unaweza kuongezewa maziwa, karanga zilizosagwa au yai lililopigwa na kuchemshwa humo hadi likaiva. Dagaa wakisagwa huingia kwenye mchuzi. Maharage yakipondwa huhitaji kutafunwa kidogo, na parachichi huongeza mafuta mazuri pasipo kupikwa. Karanga zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa huweza kuwa na sumukuvu. Mzee asiyemaliza sahani moja apewe milo midogo mitano au sita kwa siku badala ya kulazimishwa mitatu mikubwa.

La tatu ni usalama wa kulisha. Mzee aketishwe wima, asilishwe akiwa amelala au anasinzia. Mlishaji aketi mbele yake, usawa wa macho, atumie kijiko kidogo na kusubiri tonge limezwe kabla ya kuleta jingine. Baada ya kula, abaki ameketi kwa nusu saa hivi, na kinywa kisafishwe. Kukohoa kila anapokunywa, au sauti kuwa kama yenye maji baada ya kumeza, ni dalili kwamba chakula huenda kinaingia njia ya hewa. Hali hiyo huleta homa ya mapafu, hivyo mzee apelekwe hospitali bila kuchelewa.

La nne ni maji. Miongozo ya lishe ya wazee barani Ulaya hutaja vinywaji vya angalau lita 1.6 kwa siku kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanaume, isipokuwa wenye magonjwa ya moyo au figo walioelekezwa vinginevyo. Mafunda machache kila saa hunyweka kwa urahisi kuliko bilauri nzima kwa mara moja, na mzee ahakikishiwe kwamba atasaidiwa kufika chooni kila atakapohitaji.

Njia za kufikisha elimu zipo

Tanzania haianzi kutoka sifuri. Kwa miaka mingi elimu ya lishe imeelekezwa kwa mama na mtoto, na pamoja na hatua nyingine, matokeo yanaonekana: udumavu kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano ulishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Kilichowezekana kwa mtoto kupitia kwa mama yake kinaweza kujaribiwa kwa mzee kupitia kwa mtunzaji wake.

Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliozinduliwa Januari 31, 2024 jijini Dar es Salaam, ulilenga kuwaandaa wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka mitano. Mhudumu anayefika katika kaya kumpima mtoto anaweza, katika ziara hiyo hiyo, kumuuliza mtunzaji maswali mawili ya WHO na kumwonesha namna ya kumketisha mzee anapokula. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambako mapishi huoneshwa kwa akina mama, inaweza kuwa na sufuria moja ya uji ulioboreshwa kwa ajili ya wazee. Madirisha ya wazee katika vituo vya afya nayo yaweza kuwa mahali pa kuzungumza na ndugu aliyemsindikiza mgonjwa, badala ya kuishia kwenye kutoa dawa.

Elimu pekee haitoshi pale ambapo fedha hazipo. Kwa sababu hiyo, ruzuku kwa kaya maskini kupitia TASAF, pamoja na pensheni jamii ambayo Zanzibar ilianza kuitoa Aprili 2016 kwa wazee wenye miaka 70 na kuendelea, zina uzito katika mjadala huu. Hata hivyo, fedha hizo huleta tija zaidi mtunzaji anapojua kwamba mayai machache na kibaba cha maharage vina faida kubwa kwa mzee kuliko soda na biskuti anazoletewa na wageni.

Mtunzaji naye ni binadamu anayechoka. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2017 unashauri kwamba wanafamilia wanaotunza wazee tegemezi wapewe mafunzo na msaada, kwa kuwa mzigo huo huathiri afya zao wenyewe. Kumlisha mzee mwenye shida ya kumeza huchukua muda mrefu, na anayeifanya kazi hiyo peke yake kila siku hufika mahali akaharakisha kijiko. Kaka, dada, wakwe na majirani wanaosema uzee umemfika mzee wanaweza kusaidia zaidi kwa kupokezana zamu za mlo.

Mzee aliyepungukiwa lishe huanguka kwa urahisi, hupata vidonda vya kulala visivyopona na huelemewa na maradhi ambayo mwili wenye nguvu ungeyashinda. Gharama hizo huibebesha familia na hospitali mzigo ambao mara nyingi ungeweza kuepukwa. Kila halmashauri inapopanga afua zake za lishe, inafaa ijiulize ni watunzaji wangapi wa wazee wamefikiwa. Nyumbani nako, hatua ya kwanza haihitaji bajeti: ni kumpima mzee leo, kuiandika namba hiyo, na kumpima tena mwezi ujao.